Hesabu Kando ya Data: Uhakiki wa Kuhamishia Ukokotozi wa Ripoti Ndani ya Hifadhidata kwa Kurejelea DHIS2

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kanuni inayokubalika sana miongoni mwa wasanifu wa mifumo ya taarifa, kwamba ripoti inapotokana na data kubwa, hesabu zake nzito zifanywe ndani ya hifadhidata badala ya programu inayoionyesha. Kwa kurejelea DHIS2, mfumo unaobeba taarifa za kawaida za afya katika nchi nyingi zikiwemo Tanzania na Kenya, makala yanadai kwamba kanuni hiyo ni sahihi kuhusu kasi lakini iko kimya kuhusu maana. Hesabu inapohamishwa, huhama pamoja na maamuzi yasiyoandikwa: kituo ambacho hakikuripoti kihesabiwe vipi, mgawanyo ufanyike katika ngazi ipi, na namba iliyochapishwa ni ya saa ngapi. Maamuzi hayo ndiyo yanayostahili kutahiniwa.

Maneno makuu: hifadhidata, ripoti, ukokotozi, ujumlishi, DHIS2, MTUHA

Utangulizi

Msanifu wa mfumo anapolalamikiwa kwamba ripoti yake inachukua dakika ishirini kufunguka, ushauri wa kwanza atakaoupata kwa wenzake unajulikana kabla haujatamkwa: hamishia hesabu ndani ya hifadhidata. Asichote mamilioni ya safu mlalo na kuzipeleka kwenye programu ili zikajumlishwe huko. Badala yake aiulize hifadhidata swali lililokamilika, ipige hesabu palepale data ilipo, kisha irudishe jibu tu. Ushauri huu umerudiwa kiasi kwamba ni nadra kuukuta ukihojiwa. Muda wa ripoti ukishaonyeshwa kuwa umeshuka kutoka dakika hadi sekunde, jedwali la muda huchukuliwa kuwa ushahidi wa kutosha, na mjadala hufungwa hapo.

Uhakiki huu hauna nia ya kuupinga ushauri wenyewe. Anayeupinga hajawahi kusubiri ripoti ya robo mwaka katika ofisi ya halmashauri yenye intaneti ya kubahatisha. Kinachohojiwa ni ile dhana iliyojificha ndani yake, kwamba hesabu ni mzigo ambao waweza kuhamishwa kutoka chumba kimoja hadi kingine bila chochote kubadilika isipokuwa muda. Makala yanaonyesha kwamba sivyo, na kwamba katika taarifa za afya tofauti hiyo huamua wilaya ipi ionekane inafanya vizuri na ipi ipelekewe timu ya chanjo.

Umbali wa data

Tuanze na kile ambacho kanuni imekipatia. Tuseme jedwali la takwimu za vituo vya afya lina safu mlalo milioni 5, na kila safu ina baiti 100. Kuzichota zote ni kusafirisha megabaiti 500. Katika mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, safari hiyo peke yake itachukua sekunde 400, karibu dakika saba, kabla programu haijajumlisha hata namba moja. Ilhali ripoti inayotakiwa huenda ni jumla ya kila mkoa kwa kila mwezi: mikoa 26 ya Tanzania Bara kwa miezi 12 ni safu 312, takriban kilobaiti 31. Tofauti hiyo haitokani na ustadi wa mwandishi wa programu. Inatokana na ukweli wa kawaida kwamba jumla ni ndogo kuliko vitu vinavyojumlishwa, hivyo ni heri isafiri jumla.

Kuna programu ambayo haichoti kwa mkupuo bali huuliza kituo kimoja baada ya kingine. Kwa vituo 6,000, ikiwa kila safari ya kwenda na kurudi inachukua milisekunde 80, mtumiaji atasubiri dakika nane hata kama hifadhidata yenyewe hujibu papo hapo. Kosa hili ndilo lililozagaa zaidi, kwa kuwa halionekani pale programu na hifadhidata zinapojaribiwa katika kompyuta moja yenye vituo kumi vya mfano.

Njia ya tatu, ambayo vitabu vya usanifu huidharau lakini maofisini ndiyo inayotawala, ni kupakua data na kuimalizia kwenye lahajedwali. Hatari yake ilidhihirika Uingereza mwezi Oktoba 2020, ilipobainika kwamba visa 15,841 vya UVIKO-19 vya kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 vilikuwa vimeachwa nje ya takwimu za kila siku. Faili zilizopokea matokeo ya maabara zilikuwa za umbo la zamani la Excel, ambalo halibebi zaidi ya safu mlalo 65,536. Safu zilizozidi hazikutoa onyo. Zilikatwa tu, na watu waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Hesabu hiyo ingefanywa ndani ya hifadhidata, ukomo huo usingekuwepo.

Kwa hiyo hoja ya umbali imesimama. Imesimama pia kihistoria. Codd alipochapisha makala yake ya mwaka 1970 kuhusu modeli ya uhusiano, akiwa IBM, alitaka mtumiaji wa benki kubwa ya data aepushwe na haja ya kujua data imepangwa vipi ndani ya mashine. Chamberlin na Boyce walilifuata wazo hilo kwa lugha waliyoichapisha mwaka 1974, ambayo leo tunaiita SQL: mtumiaji anasema anachokitaka, na mashine inachagua njia ya kukipata. Bila utengano huo, kuhamishia hesabu ndani ya hifadhidata kusingewezekana, kwa maana kila ripoti ingelazimika kujua siri za diski.

Hapa ndipo uhakiki unapoanza. Codd alificha mpangilio wa data, hakuficha maana yake. Mtumiaji alisamehewa kujua iwapo safu zimepangwa kwa tarehe au kwa mkoa, lakini hakusamehewa kujua kwamba anajumlisha watoto na siyo dozi. Wasanifu wa leo, wanapoizika fomula ya kiashiria ndani ya mwonekano uliohifadhiwa au ndani ya taratibu zinazokaa kwenye seva, hulitumia pazia lilelile kufunika kitu ambacho halikushonewa. Mpangilio na fomula vyote vinakuwa mambo ya ndani. Msomaji wa ripoti anabakiwa na namba iliyokuja haraka.

Hesabu zisizohamika kwa namna moja

Mchango unaosaidia zaidi kulichambua jambo hili ni ule wa Gray na wenzake (1997) kuhusu mchemraba wa data. Walizigawa hesabu za ujumlishi katika makundi matatu. La kwanza ni la hesabu zinazogawika: jumla, idadi, thamani kubwa kabisa na ndogo kabisa. Jumla ya mkoa ni jumla ya jumla za wilaya zake, na hakuna kinachopotea njiani. La pili ni la hesabu za kialjebra, mathalani wastani: wastani wa mkoa haupatikani kutokana na wastani wa wilaya, lakini hupatikana ikiwa kila wilaya itatunza vitu viwili, jumla na idadi. La tatu ni la hesabu zinazodai data yote iwepo kwa pamoja. Thamani ya katikati, ile inayoangukia katikati baada ya thamani zote kupangwa, ni mfano wake. Hakuna muhtasari mdogo wa wilaya utakaoweza kuirudisha kwa usahihi katika ngazi ya mkoa.

Uainishaji huu uliandikwa kwa ajili ya ufanisi, lakini thamani yake kwa mhakiki ni nyingine. Unatuambia ni hesabu ipi inaweza kukokotolewa mapema, kuhifadhiwa, na kutumiwa tena bila kusema uongo. Msanifu anayehifadhi jumla za kila mwezi kwa kila kituo amejihakikishia kasi, na hajampunja mtu. Anayehifadhi asilimia za kila kituo amehifadhi kitu ambacho hakiwezi kutumika ngazi ya juu, ingawa hifadhidata haitamkatalia akijaribu.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye vituo viwili. Zahanati ya kwanza ina watoto walengwa 40, na 38 wamepata dozi ya tatu ya chanjo ya Penta: asilimia 95. Kituo cha afya cha jirani kina walengwa 400, na waliopata ni 260: asilimia 65. Ulizo linalotafuta wastani wa safu wima ya asilimia litarudisha 80. Lakini waliochanjwa ni 298 kati ya 440, yaani asilimia 67.7. Namba zote mbili zimetoka ndani ya hifadhidata, zote kwa haraka, na zote kwa amri moja fupi isiyo na kosa la kisarufi. Iliyo sahihi ni moja. Kosa hapa ni kugawanya mapema mno: kiasi na asili vilipaswa kupandishwa hadi ngazi ya ripoti vikiwa bado ni namba mbili, na mgawanyo kufanywa mwisho.

Kuna hesabu ya hatari zaidi kwa kuwa huvaa sura ya kundi la kwanza. Idadi ya safu inagawika. Idadi ya watu tofauti haigawiki. Mjamzito aliyehudhuria kliniki katika kituo cha afya mwezi Aprili na kisha hospitali ya wilaya mwezi Juni ni mtu mmoja. Jedwali lililohifadhi idadi ya wajawazito waliohudumiwa katika kila kituo kwa kila mwezi litamhesabu mara mbili likijumlishwa kwa robo mwaka, na hakuna ulizo litakaloweza kumrudisha kuwa mmoja, kwa sababu jina lake lilibaki nje pale idadi ilipoandikwa. Kuna pia salio. Stoo ikiwa na dozi 200 mwisho wa Januari, 150 mwisho wa Februari na 180 mwisho wa Machi, salio la robo mwaka ni 180. Kujumlisha hadi 530 ni upuuzi, ijapokuwa kujumlisha masalio ya stoo mbalimbali kwa siku moja ni halali kabisa. Kitu kilekile kinajumlishika kwa mahali na hakijumlishiki kwa muda.

Majedwali ya usiku ya DHIS2

DHIS2 inafaa kuwa kielelezo kwa sababu imeikubali kanuni ya kuhamishia hesabu ndani ya hifadhidata kwa ukamilifu, na kwa sababu nyaraka za usanifu wake ziko wazi kwa yeyote. Asili ya mfumo huu ni Afrika Kusini ya baada ya 1994. Toleo la pili lilijengwa na Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake, kwa lugha ya Java juu ya hifadhidata ya PostgreSQL. Kenya ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania Bara ikaufikisha mikoa yote kufikia 2013, ukipokea takwimu zinazotokana na vitabu vya Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, yaani MTUHA.

Data ghafi ndani yake hukaa katika jedwali refu na jembamba. Kila safu ni thamani moja ya kipengele kimoja, kwa kituo kimoja, kwa kipindi kimoja. Umbo hilo ni zuri kwa uingizaji wa data na ni baya kwa ripoti, kwa kuwa jumla ya taifa hudai kupanda ngazi kutoka kituo hadi halmashauri, mkoa na nchi kwa kila safu. Suluhisho la DHIS2 ni majedwali ya uchanganuzi. Kwa kawaida usiku, kazi iliyoratibiwa huijenga upya data hiyo katika majedwali mapana yaliyogawanywa kwa mwaka, ambamo kila safu tayari imebeba ngazi zote za utawala za kituo husika na vipindi vyote vinavyoihusu: mwezi, robo, mwaka. Asubuhi, ulizo la mkoa halipandi ngazi yoyote; linachuja na kujumlisha tu.

Ukiitazama kwa jicho la Gray na wenzake, kazi hii imegawanywa kwa busara. Hifadhidata hufanya ujumlishi mzito unaogawika. Kiashiria kama asilimia ya chanjo huundwa na kiasi, asili na kizidisho. Vipengele vya kiasi hujumlishwa na hifadhidata, vya asili vivyo hivyo, na mgawanyo hufanywa mwishoni na programu ya Java juu ya namba chache zilizorudi. Mtego wa wastani wa asilimia haumnasi anayetumia kiashiria kama kilivyokusudiwa. Aidha, kila kipengele huelezwa namna kinavyojumlishwa: jumla, wastani, thamani ya mwisho. Tatizo la salio la stoo lina jibu, mradi aliyekisajili kipengele alilifikiria siku ile. Hilo la mwisho ni sharti zito kuliko linavyosikika. Uamuzi huo hufanywa mara moja, katika skrini ya usanidi, mara nyingi na mtu mmoja, na hauandikwi chini ya ripoti yoyote itakayotokana nao kwa miaka inayofuata.

Suala linalostahili kutuchukulia muda ni la sifuri. Kwa chaguo-msingi, DHIS2 haihifadhi sifuri. Muuguzi akiandika 0 katika fomu ya mwezi kwa vifo vya uzazi, thamani hiyo haitunzwi isipokuwa kipengele kimewekewa alama kwamba sifuri yake ina maana. Sababu ni ya kiufundi na inaeleweka: sehemu kubwa ya fomu za afya ni sifuri, jumla haiongezwi na sifuri, na jedwali linalozitupa huwa dogo na la haraka. Hapa kasi imekuwa hoja ya kuamua nini kiitwe data. Na kwa hesabu ya jumla hoja hiyo ni kamilifu. Kwa hesabu nyingine zote imepungukiwa, maana zahanati iliyosema hakuna aliyefariki na zahanati ambayo haikusema chochote zinafanana katika jedwali: zote hazina safu.

Mtetezi wa mfumo atajibu, kwa haki, kwamba ukimya unatambuliwa kwa njia nyingine. Kila fomu iliyokamilishwa husajiliwa kuwa imekamilika, na kiwango cha uwasilishaji huripotiwa kama namba ya pekee. Ni kweli. Lakini namba hiyo hukaa katika ripoti nyingine. Tuseme halmashauri ina zahanati kumi, kila moja ikiwa na walengwa 30 kwa mwezi. Nane zimeripoti, na jumla ya waliochanjwa ni 216. Asili ikitokana na makadirio ya idadi ya watu, huwa 300 hata kama zahanati mbili zimenyamaza, na kiwango ni asilimia 72. Asili ikichukuliwa kwa walioripoti tu, ni 240, na kiwango ni asilimia 90. Mganga Mkuu wa Wilaya anayeona 72 atadhani watoto hawaletwi kliniki. Anayeona 90 atadhani hakuna tatizo. Tatizo huenda ni kwamba zahanati mbili hazikuwa na fomu, au muuguzi wake pekee alikuwa likizo ya uzazi. Mkanganyiko huu hautokani na ubovu wa hifadhidata. Unatokana na kuiachia hifadhidata ijibu, kwa ukimya wake, swali ambalo hakuna binadamu aliyelijibu.

SQL yenyewe huongeza utata wake hapa. Wastani katika SQL huziruka thamani tupu; hesabu ya safu zote huzihesabu; hesabu ya safu wima moja haizihesabu; na jumla ya seti isiyo na safu hata moja hurudisha thamani tupu, wala siyo sifuri. Mwanafunzi anayehamishia kwenye SQL hesabu iliyokuwa imeandikwa katika lugha nyingine, ambamo sehemu tupu ilisomwa kama 0, amebadilisha fomula bila kugusa hata herufi moja ya maelezo yake. Akilinganisha muda wa kabla na baada atafurahi. Akilinganisha namba, huenda akashtuka.

Kuhusu saa ya namba nitasema kwa ufupi. Data iliyoingizwa saa nne asubuhi haionekani kwenye dashibodi hadi majedwali yajengwe tena. Matoleo ya karibuni yameongeza njia ya kuyahuisha mara nyingi zaidi ndani ya siku. Ucheleweshaji wa usiku mmoja si dhambi katika takwimu za mwezi. Dhambi ni ripoti isiyosema ilipigwa lini, kiasi kwamba maofisa wawili wakutane kikaoni na namba mbili tofauti, kila mmoja akimshuku mwenzake.

Karatasi iliyotangulia

Inafaa kukumbuka kwamba kupiga hesabu kando ya data hakukuanza na seva. Mwisho wa mwezi, muuguzi wa zahanati hufungua rejesta, huhesabu kwa vijistari katika karatasi ya tali, huhamishia jumla kwenye fomu ya mwezi, na fomu ndiyo inayosafiri kwenda halmashauri. Rejesta hubaki. Huo ni ukokotozi uliofanywa pale data ilipo, kwa sababu ileile ya umbali: ni rahisi kusafirisha fomu kuliko rejesta zote. Na madhara yake ni yaleyale. Mjamzito wetu wa Aprili na Juni alikwisha kuwa wawili kwenye fomu, kabla DHIS2 haijamwona.

Tofauti ni moja, nayo ina uzito. Karatasi ya tali huacha alama. Msimamizi anayezuru zahanati anaweza kuweka rejesta, tali na fomu mezani na kuhesabu upya, naye hahitaji ruhusa ya kuingia kwenye seva wala ujuzi wa SQL. Ukaguzi wa ubora wa data katika sekta ya afya umejengwa juu ya zoezi hilohilo. Fomula iliyomo ndani ya hifadhidata haina meza ya namna hiyo isipokuwa imetengenezewa kwa makusudi.

Wanaotetea kuiweka fomula mahali pamoja wana hoja nzuri, na nisingependa ipite bila kutajwa. Kiashiria kinapokokotolewa kivyake katika dashibodi, kivyake katika simu na kivyake katika lahajedwali la mratibu, huzaa majibu matatu na ugomvi usioisha. Fomula moja ndani ya hifadhidata huumaliza ugomvi huo. Lakini huo ugomvi ulikuwa na kazi. Majibu matatu yalipotofautiana, mtu aliuliza kwa nini. Fomula ikiwa moja na ikiwa na kosa, ripoti zote hukubaliana katika kosa hilo, na makubaliano yao husomeka kama uthibitisho. Kwa sababu hiyo, kadiri hesabu inavyosogezwa ndani zaidi, ndivyo inavyohitaji kuandikwa nje zaidi: fomula itunzwe pamoja na msimbo mwingine wa mfumo, kila badiliko liwe na tarehe na sababu, na msimamizi wa hifadhidata asiweze kuirekebisha moja kwa moja kwenye seva usiku wa kuamkia kikao.

Asili ndiyo inayobadilika zaidi bila kuonekana. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Ya 2022 ilihesabu 61,741,120. Makadirio yanayofuata sensa moja yanapobadilishwa na yale ya sensa nyingine, kiwango cha chanjo cha wilaya hupanda au kushuka bila mtoto hata mmoja kuongezwa au kupunguzwa kliniki. Iwapo majedwali yote yanajengwa upya kutokana na makadirio mapya, mfululizo wa miaka iliyopita hubadilika pia, na tasnifu iliyonukuu namba za zamani haiwezi tena kuthibitishwa kwa mfumo uleule ulioizalisha. Mtafiti anayetumia takwimu hizi ana wajibu wa kutunza nakala ya namba alizozichukua pamoja na tarehe, mfumo hautamtunzia.

Kinachopaswa kutahiniwa

Jedwali la muda, basi, lisikubaliwe peke yake. Mtahiniwa anayewasilisha mfumo uliohamishia hesabu za ripoti ndani ya hifadhidata anapaswa kuonyesha namba za njia ya zamani na za njia mpya bega kwa bega, kwa data ileile, na kueleza kila tofauti hata iwe ya desimali. Tofauti za desimali zina sababu zake: tangu PostgreSQL ilipoanza kugawia kazi ya ujumlishi kwa vichakataji kadhaa sambamba, mwaka 2016, namba za nukta elea zinaweza kujumlishwa kwa mpangilio tofauti kila mara na kutoa tarakimu za mwisho zisizolingana. Anayelijua hilo atachagua aina ya namba iliyo kamili pale penye fedha au dozi. Asiyelijua ataita tofauti hiyo hitilafu ya mtandao.

Zaidi ya hapo, mtahini aombe seti ndogo ya data iliyopikwa, yenye majibu yanayojulikana kwa kalamu na karatasi. Ndani yake kuwe na kituo kisichoripoti, kituo kilichoripoti sifuri, mtu mmoja aliyehudhuria mahali pawili, salio la stoo la miezi mitatu, na vituo viwili vya ukubwa usiolingana. Safu ishirini zinatosha. Mfumo wenye kasi ya kushughulikia safu milioni 5 na usioweza kuzijibu hizo ishirini haujamaliza kazi yake, hata kama utafunguka kwa nusu sekunde.

Na ripoti yenyewe ibebe masharti yake. Mahali palipoandikwa asilimia 72 paandikwe pia, kwa herufi zinazosomeka: vituo 8 kati ya 10 vimeripoti, asili ni makadirio kutokana na sensa ya 2022, majedwali yamejengwa usiku wa kuamkia tarehe 16.